Mchezo Ulioupanga Ukiwa Sharjah

Woodley Estate,
Nairobi.
Jumanne, 15 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Hemed,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, umekula na umelala vizuri, na lile joto la huko mnalolilalamikia kila mwaka lisiwe limekudhuru. Mgongo wako je? Bado unakuuma ukiinua makasha pale ghalani? Tumia ile dawa ya kuchua niliyokufungia ulipoondoka. Nakujua wewe, utakuwa umeiweka kabatini hata kuifungua hujaifungua.

Sisi kwa afya hatujambo. Baridi ya Julai imetukaa mifupani na jua tunalisikia tu kwenye habari za pwani. Shemeji yako Ridhaa anakohoa kidogo, lakini anafungua duka lake mjini kila siku kama kawaida. Mimi nipo na cherehani yangu, nashona sare za shule. Mama alinipigia juzi kutoka Malindi, magoti yametulia, anakuombea dua.

Basi salamu zimekwisha. Nimezitoa zote kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, hata mtu ukiwa umemkasirikia unamjulia hali kwanza. Na mimi nimekukasirikia, Hemed. Nimekukasirikia mpaka jana nimeshona mkono wa shati mahali pa kola.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu sikuwezi. Nikipandisha sauti kidogo tu, unasema mtandao mbaya, mara umepotea. Karatasi haipotezi mtandao. Anayekuletea ni Nanjala, jirani yetu wa safu ya nyuma, anayefanya usafi wa nyumba huko huko Sharjah. Amepata likizo, amekuja, amekaa na watoto wake, na sasa anarudi kazini. Nakutajia tu.

Mwanao Naeem ametimiza miaka saba Jumamosi iliyopita. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mimi na Peres, jirani yangu, yule mama yake Ochola, tulikuwa tumeshaipanga siku hiyo tangu mwezi wa sita. Tungeanza na dua ya kumrehemu Sahar, kwa sababu mtoto hawezi kushangilia siku aliyozaliwa huku mama aliyemzaa hatajwi. Kisha michezo, pale pale uwanjani mbele ya nyumba.

Tulibishana juu ya michezo hiyo utafikiri tunapanga harusi. Mbio za yai kwenye kijiko, Peres akataka mayai yachemshwe kwanza maana hawezi kuona chakula kikimwagika chini. Mbio za magunia, akaenda mwenyewe kwa muuza viazi kuyaomba, tukayakung'uta vumbi mpaka tukapiga chafya. Kuvuta kamba, safu ya mbele na safu ya nyuma. Wasichana wakataka blada, ile kamba ya mpira, wapate kuruka. Na Naeem mwenyewe akataka kati, ule mchezo wa wawili kurusha mpira na mmoja katikati kuukwepa, na yeye ndiye awe katikati. Mpira alishautengeneza, wa soksi zako kuukuu zilizobaki kwenye sanduku.

Halafu Jumatano, siku mbili tatu tu kabla, nikapata sauti yako kwenye simu. Dada, msijisumbue, kila kitu nimeshapanga. Sherehe itakuwa Kileleshwa, kwenye maghorofa anakokaa rafiki yako Zadock, na umeajiri watu wa kupanga michezo ya watoto. Kwa nini si nyumbani? Eti uwanja wa Woodley hautapendeza kwenye video.

Uwanja ule, Hemed! Mwanao amejifunzia kutembea pale, wewe ukimshika mkono huu na mimi nikimshika huu. Leo haupendezi?

Ridhaa akaniambia nitulie, baba wa mtoto ni wewe, na aliye mbali naye ana namna yake ya kutaka kumfurahisha mwanawe. Nikatulia. Peres alivimba siku nzima, magunia yamekunjwa mlangoni kwake, lakini naye akatulia. Kwenye gari la Ridhaa akatosha Ochola peke yake katika watoto wa hapa. Wengine tuliwaacha wamesimama kwenye uzio wanatutazama.

Nitakuwa mkweli, Kileleshwa palipambwa. Jumba la kuruka la kupulizwa hewa, maputo, watoto wanapakwa rangi usoni. Naeem alipakwa chui. Watoto wengi walikuwa wa maghorofa yale, hakuwajua, lakini unamfahamu mwanao, dakika chache tu kashapata marafiki. Na Debra, yule uliyemwajiri kuendesha michezo, si mtu mbaya, simlaumu. Binti mchangamfu, na mtoto akishamtajia jina halisahau tena. Alinijia mapema akaninong'oneza.

"Auntie, wewe relax kabisa. Kuna surprise ya daddy. Hata wewe utalia."

Hakukosea.

Kulikuwa na kitambaa kikubwa kimetundikwa ukutani, kimeandikwa jina la Naeem. Watoto wakakusanywa mbele yake wakaambiwa sasa ni mchezo wa kujificha. Mara nyuma ya kitambaa ikatoka sauti yako. Kubwa, safi, kama uko palepale. Naeeeem! Leo ni mimi na wewe! Nahesabu, ukajifiche! Ukaanza, moja, mbili, tatu.

Kwa nukta moja, Hemed, hata mimi niliamini. Nilisimama, kikombe cha chai kikanimwagikia, nikasema kumbe ndugu yangu kaja, kumbe alikuwa anatuficha. Nikamtazama Ridhaa, naye amesimama. Mimi mtu mzima, mwenye mvi.

Sasa fikiria mtoto. Alitupa juisi yake chini akakimbia moja kwa moja kwenye kile kitambaa. Hakukimbia kujificha, alikimbilia kwako. Debra akamdaka mabega akicheka.

"Apana, birthday boy! Daddy anahesabu, huwezi muona saa hii! Enda ujifiche haraka, akikupata ndio umuone!"

Umesikia maneno hayo? Akikupata ndio umuone. Binti wa watu hakuwa na nia mbaya, ndivyo mchezo ulivyo. Naeem akaitikia kwa kichwa, akageuka, akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia vile.

Sauti yako ikaendelea. Nije? Watoto wakapiga kelele kutoka kila pembe, bado! Nije? Bado! Halafu ukasema, nakuja Naeem, Baba anakuja kukutafuta! Ikanyamaza. Debra akaenda kutafuta yeye, kwa sababu nyuma ya kitambaa hakukuwa na mtu ila spika.

Watoto wote walipatikana, mmoja mmoja, wanacheka. Naeem hakupatikana. Mwanzoni tulicheka, tukasema huyu leo kaamua. Keki ikaletwa. Tukamwita kwa jina, tukasema toka umeshinda, keki imekuja. Kimya. Ochola akazunguka maghorofa yote akimwita. Kimya.

Ndipo nikaona geti liko wazi. Magari ya wageni yalikuwa yanaingia na kutoka, na mlinzi, Kitheka, aliapa hajaona mtoto akipita. Kisha akakumbuka kwamba kuna wakati alitoka kidogo kumfungulia mtu lango la nyuma. Zadock akakimbia barabarani na soksi zake akisimamisha pikipiki, anauliza kama wameona mtoto mwenye uso wa chui. Ridhaa alikuwa anainama chini ya kila gari huku anasoma aya, na nikamsikia akiirudia ile ile kwa kuwa ya mbele yake imemtoka. Mimi viatu sijui nilivivulia wapi.

Debra, maskini, uso umemgeuka rangi ya jivu, akapata wazo. "Nicheze tena ile voice. Akiskia daddy atatoka."

Akaicheza. Sisi tunatafuta mtoto kwenye mitaro, na wewe juu ya vichwa vyetu unahesabu kwa furaha, moja, mbili, tatu. Nije? Nije? Nakuja Naeem! Akaicheza tena. Sijawahi kuichukia sauti yako, Hemed, wewe niliyekufundisha kusema. Siku ile niliichukia.

Mara ya tatu nilikuwa chini ya jengo, wanakoegesha magari. Spika inasikika kwa mbali. Ukauliza, nije? Na nyuma ya mlango wa chumba cha pampu ya maji nikasikia sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, ikijibu. Bado.

Umeelewa? Tulipomwita sisi hakutujibu. Wewe ulipouliza, alijibu, kwa sababu Naeem hachezi rafu. Ukiulizwa nije na hujawa tayari, unasema bado. Ndivyo ulivyomfundisha mwenyewe, kabla hujaondoka, mkijifichana kwenye mashuka yangu niliyoanika.

Nilimkuta amechutama nyuma ya tangi, kwenye maji na giza, rangi ya chui imemchuruzika mpaka shingoni. Aliponiona alikasirika. Akaweka kidole mdomoni.

"Shangazi, toka hapo! Ataniona!"

Nikamwambia mchezo umekwisha. Akaniuliza, Baba kasema? Nikamwambia njoo, watu wote wanakutafuta. Akasema, "Lakini si nyinyi mnaonitafuta."

Basi nikaketi. Nikaketi kwenye yale maji na deraa lile jipya ulilonitumia Idd, nikamwambia mwanao kwamba baba yake hayupo. Kwamba ile ni sauti tu, ulirekodi ukiwa kazini, na aliyekuwa anamtafuta ni Debra. Nilitafuta namna tamu ya kulisema nikaikosa. Wewe unaijua? Ungeituma hiyo pamoja na ile sauti yako.

Alikuwa anafikiri, nilimwona. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hakunipata?"

Nikasema hakukupata.

"Basi nimeshinda?"

Nikamwambia ndiyo, umeshinda. Hakufurahi. Akanyoosha mikono nimbebe, yeye ambaye hataki kubebwa tangu aanze shule. Nikampandisha juu, watu wakapiga makofi, akazima mishumaa, akala kipande kidogo cha keki. Hakulia hata kidogo. Watu wa Kileleshwa wakasema mtoto jasiri. Mimi nikasema kimoyomoyo kwamba mtoto wa miaka saba anayejua kujizuia kulia amefundishwa na mtu, na namjua aliyemfundisha.

Usiku ule Zadock akakutumia video. Na wewe ukaandika kwenye kundi la familia, hongera bingwa wa kujificha, ukaweka na zile sura zinazocheka mpaka machozi. Tano! Mama akaniuliza kutoka Malindi mbona Hemed anacheka.

Nilimuuliza Debra jambo moja kabla hatujaondoka. Nilimuuliza, mbona sauti ile haina mwisho? Baba anahesabu, anauliza, anasema anakuja, halafu basi? Akaniambia alikuomba. Alikuandikia kwamba umalizie na "nimekupata, toka nje", ili mtoto ajue mchezo umekwisha. Ukamjibu kwamba inatosha, uko kazini.

Maneno matatu, Hemed. Kuhesabu mpaka ishirini ulipata nafasi. "Nimekupata" ndiyo iliyokushinda.

Na laiti ingekuwa ni haraka ya kazi tu, ningekusamehe tangu Jumapili. Kinachoniunguza ni hiki. Mwezi wa tano ulimwambia Ridhaa umetia saini mkataba mwingine na kwamba kuja Kenya si leo wala kesho. Ukamwomba asiniambie. Ridhaa huyu huyu asiyeweza kunificha hata alichokula mchana! Aliniambia kabla hajavua koti. Nikanyamaza, nikasema labda anatafuta njia ya kumwambia mtoto. Kumbe ulipokuwa unasema kwenye ile sauti, nakuja Naeem, Baba anakuja, ulikuwa unajua vizuri kabisa kwamba huji.

Nakuja ya Idd tulishaisikia. Tukasikia nakuja ya kufungua shule, akawaambia wenzake darasani, nikaitwa na mwalimu kuulizwa kama mgeni atahitaji kiti. Ya mwaka jana alilala na nguo mpya ili asikucheleweshe asubuhi. Na mimi ndiye ninayebaki kila mara kumvua zile nguo. Wewe unabaki na video.

Sikulaumu kwa kufanya kazi. Najua kwamba karo unailipa wewe, najua jua la huko si la mchezo, na najua nyumba hii ina Sahar ndani yake kila kona na pengine hilo ndilo linalokuweka mbali. Ungeniambia hivyo ningelia na wewe. Lakini mtoto humwambii unakuja kisha ukamwacha amechutama.

Jumapili Peres alikuja asubuhi na magunia yake mabegani, hata salamu hakutoa. Akasema, "Mama, mimi hizi vitu nilikung'uta. Hazirudi kwa mtu wa viazi bila kufanya kazi." Akawaita watoto wote wa safu mbili. Wakakimbia na magunia, yeye mwenyewe akaingia kwenye gunia akaanguka, uwanja mzima ukacheka mpaka mimi niliyesema sitacheka tena mwaka huu. Mayai yalichemshwa. Kwenye kati Naeem alikaa katikati mpaka wakachoka kumrushia, hawakumgusa hata mara moja, na soksi zako zikapasuka. Alikuwa anacheka kwa sauti. Video hatukuchukua.

Jua lilipoanza kushuka wakasema sasa tujifiche. Naeem akaingia ndani, akavua viatu, akasema amechoka.

Sasa nisikilize, mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Jumapili ya kwanza baada ya kuipokea barua hii, utapiga simu, na utamwambia mwanao mojawapo kati ya mambo mawili. Umwambie unakuja, na umtajie siku, na siku hiyo uonekane. Au umwambie, Naeem, mwaka huu siji, na wa kesho sijui. Kwa mdomo wako. Mtandao ukiwa mbaya, nitangoja urudi. Ukichagua la pili nitakuwa nimeketi karibu naye nimemshika, hiyo kazi nitaifanya na sitakulaumu kwayo. Lakini maneno hayo sitayasema mimi kwa niaba yako. Nimeshayasema mara moja, kwenye maji.

Shemeji yako Ridhaa anakusalimu, na anaomba radhi kwamba siri yako hakuiweza. Peres anakusalimu kwa shingo upande, lakini anakusalimu. Ochola anauliza kama huko kuna jumba la kuruka. Mama anataka picha yako mpya, ya zamani imefifia. Mpe Nanjala pole ya safari, na mkaribishe hata chai, amebeba mzigo mzito bila kujua.

Nilimuuliza Naeem kama ana salamu za kukutumia. Akaniuliza kama wewe unajua pale alipokuwa amejificha. Nikamwambia hujui. Akasema basi nisikuambie.

Nami nimeshakuandikia kila kitu, na karatasi sina nyingine. Kwa hiyo ukija, ndugu yangu, jifanye hujui. Anza kumtafuta kwenye magari.

Mola akuhifadhi huko uliko na akupe moyo wa kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekuvimbia hivi,

Mgeni